Neno Lililopigwa Mara Mbili

Mama Belinda alikuwa haamini karatasi. Wapo watu wasioamini waganga, wapo wasioamini mizani ya dukani. Yeye ukimpa karatasi yoyote yenye maandishi aliigeuza kwanza nyuma, akaipapasa kwa kidole gumba, akaiinua kuelekea dirishani, ndipo akaanza kuisoma. Risiti ya dawa, mwaliko wa harusi, tangazo la maji kukatika, zote zilipita njia hiyo hiyo. Jina lake hasa lilikuwa Raheli, ila pale Utemini, mjini Singida, alikuwa Mama Belinda kwa kila mtu, na nyuma ya mgongo wake walimwita Mama Kioo, kwa sababu ya kioo cha kukuzia maandishi alichokining'iniza shingoni kwa kamba ya kiatu.

Tabia hiyo aliipata kazini, au ndivyo alivyotaka watu waamini. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani mpiga chapa wa chama cha ushirika. Halafu zikaja zile enzi za ruksa, wanunuzi binafsi wakaanza kuingia na magari yao hadi vijijini kununua alizeti, chama kikabaki na maghala matupu, na mwaka tisini na tatu wafanyakazi wakapunguzwa. Mama Belinda alipunguzwa pamoja na mashine yake. Aliibeba hadi nyumbani, akaiweka kwenye chumba cha mbele, akaandika kwa mkono juu ya ubao: HAPA TUNAPIGA CHAPA.

Mashine zile alizijua mno. Ofisini zilikuwa sita, na kila moja ilikuwa na sura yake. Ya mhasibu herufi ya a ilikuwa imezibwa tumbo kwa wino mkavu. Ya meneja herufi ya t ilikaa juu kidogo ya mstari. Ukimletea barua alikwambia imetoka chumba gani kabla hajafika kwenye jina la mwandishi. Mashine moja ina sura moja ya herufi, tangu siku inanunuliwa hadi siku inakufa, na hapo ndipo imani yake yote ilipokaa. Mtu alitaka neno lionekane zito? Hakuna mashine yenye herufi nene. Unarudi nyuma, unalipiga tena juu yake, wino unakolea.

Na hapo hapo ndipo walaghai walipopitia. Mlaghai anafuta neno la zamani kwa wembe, polepole, anarudisha karatasi kwenye mashine, anapiga neno jipya. Kivuli cha neno la zamani kinabaki kikichungulia. Basi anarudia, anapiga mara ya pili juu ya lile jipya, kivuli kinamezwa. Mara mbili kamati ya chama ilimwita Mama Belinda aseme kama barua fulani ni halali, na mara zote mbili alichukua kioo, akatazama, akasema, "Hapa pamepigwa mara mbili." Watu wawili wakafukuzwa kazi. Hakuwahi kukosea, na jambo hilo alipenda likumbukwe.

Lakini si chamani alikojifunza kutafuta neno lililopigwa mara mbili. Alijifunza nyumbani, akiwa mjane wa siku nne.

Mumewe Enock alikuwa mtu wa reli. Alipomwoa mwaka sabini na mbili alileta barua kutoka usharika wake wa kanisa, huko njia ya Itigi, mchungaji akithibitisha kwamba huyu ni muumini mwema na hajaoa. Raheli wakati ule alikuwa msichana anayejifunza chapa, ana furaha zake, barua aliisoma mara moja akaiweka kwenye sanduku. Enock alikufa mwaka themanini na nane. Msibani akashuka mwanamke kutoka Itigi na watoto watatu, mkubwa ana umri unaomzidi Belinda kwa miaka saba, pua na paji la uso vya Enock mtupu. Mwanamke yule hakugomba. Alisema tu, "Mimi ndiye wa kwanza," akakaa chini na wafiwa wengine. Waombolezaji walipotawanyika Raheli alifungua sanduku, akatoa ile barua, akaiinua dirishani. Neno hajaoa lilikuwa limepigwa mara mbili, na chini yake karatasi ilikuwa nyembamba kwa kukwanguliwa. Kwa miaka kumi na sita neno lile lilikuwa limelala chumbani kwake, naye alikuwa mpiga chapa.

Hakumwambia mtu isipokuwa kaka yake Simoni. Belinda, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, aliambiwa wale ni ndugu wa baba wa mbali. Mama yake alitaka mtoto amzike baba yake mara moja tu.

Sasa ilikuwa mwaka elfu mbili na moja, Belinda ni mwalimu wa shule ya msingi, ana miaka ishirini na sita, na amepata mchumba. Katika vijana wote wa mkoa wa Singida alikwenda kumpata fundi wa kompyuta.

Huyu aliitwa Nathanaeli, mzaliwa wa Shelui, kule barabara ya Nzega wanakolala madereva wa malori. Alikuwa amesoma Dar es Salaam miaka miwili, akarudi na mashine yake mwenyewe, akawa anaandika programu kwa watu. Usharika wa kwao ulipopewa kompyuta na marafiki wa ng'ambo, yeye ndiye aliyeuandikia programu ya kutoa barua za waumini: unajaza jina, unajaza hali ya ndoa, unabonyeza, barua inatoka. Mama Belinda hakumpenda tangu siku ya kwanza na alikuwa na sababu zake. Duka la kompyuta lililofunguliwa karibu na stendi lilikuwa limeshamchukulia nusu ya wateja. Halafu zile barua za kompyuta zilimkera. Leo mashine inatoa herufi za namna hii, kesho mashine ile ile inatoa herufi nyingine kabisa, nyembamba, nene, za kulala, za kusimama. Mtu mwenye sura nne utamkamatia wapi?

Posa ilikuja Jumamosi asubuhi. Mshenga alikuwa mzee Obadia, mtu mpole mwenye koti la kaki, na aliweka mezani sahani iliyofunikwa kitambaa. Chini ya kitambaa palikuwa na bahasha ya posa, na ndani yake, pamoja na barua yenyewe, ile ya mchungaji ya kumtambulisha kijana. Ndugu wa Enock walikuwa mbali, kwa hiyo Simoni ndiye aliyekaa kwenye kiti cha baba. Belinda alikuwa jikoni, anasikiliza kila kitu huku akijifanya anaosha vikombe.

Simoni alisoma barua ya posa kwa sauti, akaridhika. Akafungua ya mchungaji, akaisoma, akaridhika tena. Alikuwa anaikunja dada yake aliponyoosha mkono.

"Hebu."

"Nimeshaisoma, dada."

"Umeisoma. Hujaitazama."

Akaigeuza nyuma, akaipapasa, akaiinua dirishani. Akashusha kioo hadi kwenye mstari wa tatu, na hapo mkono wake ukasimama. Barua yote ilikuwa ya herufi nyembamba safi. Isipokuwa jina la Nathanaeli, na neno moja baada yake. Hajaoa. Neno lile lilikuwa limetiwa weusi, lina ukungu pembeni, kama lilivyokuwa la Enock. Alitoa rula kwenye mtoto wa meza akapima upana wa kila herufi. Ni ule ule wa herufi nyembamba za mistari mingine, haujazidi hata kidogo. Kwa hiyo si herufi nene. Ni zile zile nyembamba, moja imekaa juu ya nyingine, ya juu imesogea kidogo kulia.

Hakukasirika, mwanzoni. Alikuwa anaogopa, na alipoogopa alikuwa mkali.

"Mzee Obadia," alisema, "barua hii imechezewa. Hapa pamepigwa mara mbili."

Obadia alitazama, akasema yeye haoni kitu. Mama Belinda alimpa kioo. Obadia akasema kweli, pana weusi, lakini labda ni wino wa kompyuta. Mama Belinda akamwuliza wino huo ulijuaje kuchagua jina la kijana na neno hajaoa, na kuyaacha maneno mengine yote. Mzee akamrudishia kioo.

"Na programu iliyotoa barua hii ameiandika nani?"

Obadia alishusha pumzi. "Ameiandika yeye mwenyewe, mama."

Mama Belinda akairudisha bahasha kwenye sahani, akaifunika kwa kitambaa chake, akaisukuma upande wa pili wa meza. Maana ya kurudisha sahani ikiwa imefunikwa, kwamba posa imekataliwa, ilijulikana na kila mtu chumbani. Jikoni kikombe kilianguka, na hakuna aliyekwenda kutazama.

Toka siku ile Belinda alimsalimia mama yake asubuhi na jioni, basi. Shikamoo, marahaba, kisha ukimya. Mama Belinda aliona bora hivyo. Mtoto akilia mwaka mmoja ni nafuu kuliko kukaa miaka kumi na sita na neno lililofutwa. Angeweza kumweleza kwa nini, lakini kumweleza kulikuwa kufungua lile sanduku.

Jumatano Nathanaeli alikuja mwenyewe. Si desturi mposaji kujipeleka kwa mkwe wakati shauri halijaisha, na ilionekana kwamba alijua hivyo, maana alibaki mlangoni kofia mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ukitaka kupigiwa chapa, kaa kwenye foleni." Foleni haikuwepo. Kulikuwa na kuku mmoja.

"Mama, naomba dakika kumi. Nikishaeleza, nitaondoka."

Alikaa kwenye benchi la wateja, akaeleza. Programu ameiandika yeye, hilo hakatai. Lakini kuchora herufi hachori yeye. Kuna kitu wanakiita maktaba, kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, huko hata hawajui Shelui. Yeye anaiita tu na kuipa maagizo. Anaiambia, nipe herufi za ukoo fulani, ukubwa huu, na maneno haya yawe nene. Maktaba inakwenda kutafuta ukoo huo ndani ya mashine.

"Kila ukoo una ndugu, mama. Kuna wa kusimama, kuna mnene, kuna wa kulala, kuna mnene wa kulala. Kila mmoja amechorwa peke yake. Yule mnene wa kweli si yule mwembamba aliyenenepeshwa. Ana umbo lake, ni mpana zaidi."

"Nimepima," alisema Mama Belinda. "Upana ni ule ule."

Nathanaeli alimtazama kwa namna mpya kidogo. "Umepima kwa rula?"

"Ulitaka nipime kwa macho?"

"Basi umeliona tatizo lenyewe. Kwenye mashine yangu ndugu wote wapo. Kule usharikani nilipeleka diski, nikanakili yule wa kusimama, wengine nikawasahau. Programu ikifika kwenye jina na hali ya mtu inaomba mnene. Hayupo. Maktaba hainiambii kwamba hayupo. Inamchukua mwembamba, inamchora, inasogea kidogo, inamchora tena juu yake."

"Inapiga mara mbili."

"Ndiyo, mama. Inapiga mara mbili."

"Na haisemi."

"Haisemi."

"Hata alama? Hata nukta pembeni, ya kuonyesha kwamba ulichoomba sicho ulichopewa?"

"Hakuna. Na kama ukoo mzima haupo, inachukua ukoo mwingine kabisa na kukupa, kimya kimya. Waliona ni afadhali barua itoke na herufi zozote kuliko isitoke."

Mama Belinda aliondoa karatasi kwenye mashine ingawa ilikuwa haijajaa. Jambo lililomsumbua ni kwamba maelezo yalikaa vizuri. Yalikaa vizuri mno. Enock naye alikuwa na maelezo yaliyokaa vizuri, kila mwisho wa mwezi, ya treni zilizochelewa na zamu zilizobadilishwa.

"Kwa hiyo," alisema, "programu ni yako. Programu imekuandikia barua. Barua inasema hujaoa. Na penye neno hajaoa pamechafuka. Nikiuliza, shahidi ni hiyo hiyo programu yako. Ungekuwa wewe ni mimi, ungemtoa mwanao?"

Lazima isemwe kwamba kijana alifikiri kweli.

"Nisingemtoa," alisema. "Ningekwenda Shelui kutazama faili. Nakala zote ziko kwa mzee Antipasi, karani wa usharika."

"Usinipangie safari."

Akaondoka. Mama Belinda akakaa akitazama mashine yake hadi adhuhuri, na kesho yake akapanda basi la Shelui. Alimwambia Belinda kwamba anakwenda Sepuka kumwona shangazi anayeumwa miguu.

Hakwenda moja kwa moja usharikani. Alishuka pale malori yanapoegeshwa, akaagiza chai na chapati kwa mama mmoja mwenye banda, akaanza kuchokonoa. Eti kuna kijana hapa anatengeneza kompyuta, ana mke mzuri kweli, au aliyeniambia kakosea?

"Nathanaeli?" Mama wa chai alicheka. "Yule hata chai inampoa mkononi akiwaza mambo yake. Mke angempata saa ngapi? Alikuwa na posa huko mjini, wakamrudishia sahani. Wanasema kaghushi barua ya mchungaji." Akafuta meza. "Baba yake hajaonekana kanisani. Mtu aliyekuwa mzee wa kanisa tangu sijaolewa."

Mama Belinda aliisukuma chapati pembeni. Alilipa, akaiacha nusu.

Antipasi alikuwa mzee wa nywele nyeupe, ofisi yake nyuma ya kanisa, kompyuta juu ya meza imefunikwa kitenge dhidi ya vumbi. Mama Belinda alimweleza kwamba ametumwa na usharika wao kutazama jinsi wenzao wanavyotunza nakala. Kwa siku moja alikuwa amesema uongo mara tatu, yeye ambaye hakumsamehe mtu yeyote neno moja. Antipasi alisikiliza mpaka mwisho, akashusha faili kubwa kutoka kwenye kabati, akalisukuma mbele yake bila kuuliza kitu.

Alianza ukurasa wa kwanza. Jina, weusi. Hali, weusi. Ukurasa wa pili, vivyo hivyo. Wa kumi, wa ishirini, kila muumini wa Shelui tangu Januari alikuwa amepigwa mara mbili. Ungedhani hapo angefunga faili. Wapi. Kwanza alifikiri, kijana huyu mjanja, amezichapa zote upya kuifunika moja. Kisha akamtazama Antipasi juu ya kioo chake, akafikiri labda mzee naye yumo. Aliendelea kufunua. Kwenye barua ya thelathini na kitu alisimama.

Ilikuwa ya mtoto. Jenipher fulani, umri miaka minane, anahamia na wazazi wake usharika wa Manyoni. Na chini ya jina, katika weusi ule ule, wenye ukungu ule ule, upana ule ule wa rula: hajaolewa.

"Huyu ana miaka minane," alisema Mama Belinda.

"Kompyuta inajua nini, mama. Ukiacha pengo la hali inagoma, lazima ujaze. Tumemwambia Nathanaeli, akasema atalirekebisha. Bado hajapata nafasi, na siku hizi haji."

Nani angekaa chini kughushi ili mtoto wa darasa la pili aonekane hana mume? Mama Belinda aliweka kioo kwenye neno lile na kukiondoa, akakiweka tena. Alitamani kucheka na akaona hawezi. Aliomba daftari la waumini, lile la kuandikwa kwa mkono. Antipasi alilitoa. Ukurasa wa Nathanaeli ulikuwa na wino mmoja wa bluu, mkono mmoja, wa mchungaji, tangu ubatizo hadi kipaimara, na mwishoni: hajaoa. Alipapasa karatasi kwa kidole gumba. Haikuwa imekwanguliwa popote.

"Umeridhika?" Antipasi aliuliza.

"Nimetazama tu utunzaji wa nakala."

"Mama," alisema mzee bila ukali, "mwaka mzima hajaingia hapa mtu mwenye kioo shingoni. Tulijua utakuja. Baba wa Nathanaeli aliniambia, akija usimfiche hata karatasi moja." Akafunga daftari. "Yeye mwenyewe amesema hatasimama tena mbele ya watu mpaka jina la mwanawe lisafishwe. Nimekwambia ili ujue."

Safari ya kurudi Mama Belinda hakuona hata kilima kimoja. Aliona aibu, na aibu ile haikuwa ya kukosea mbele ya watu, ingawa nayo ilikuwepo. Alikuwa amelitazama neno la mtoto wa watu na kumwona Enock. Watu wawili wale wa chama waliofukuzwa nao wakamjia kichwani. Wale alikuwa na hakika nao. Karibu na hakika.

Alipofika nyumbani hakuvua hata kanga ya safari. Alitia karatasi kwenye mashine akaanza kupiga barua kwa wazee wa Shelui, kwa mkono wa mshenga Obadia. Alieleza alichokiona kwenye faili. Alieleza kwamba barua ya mchungaji ni halali, kijana ni mkweli, na kosa ni la mama wa binti peke yake, na kwamba barua hii isomwe mbele ya yeyote aliyesikia habari ya kwanza. Alipofika kwenye neno nimekosea alitaka lionekane, lisipite kama maneno mengine. Akarudi nyuma, herufi kwa herufi, akalipiga tena.

Kisha akalitazama. Lilikuwa jeusi, na ukungu pembeni.

Karatasi hakuichana. Aliondoka, akaenda kwenye sanduku, akarudi na barua ya mwaka sabini na mbili, akamwita Belinda.

"Kabla barua hii haijaenda, soma hii ya zamani. Chukua kioo. Mstari wa nne."

Belinda alisoma, akashusha kioo hadi kwenye neno lile, akaipapasa karatasi kwa kidole gumba.

"Wale waliokuja msibani," alisema hatimaye. "Yule dada mrefu."

"Ni dada yako. Na wawili wengine."

"Umejua tangu siku ile."

"Tangu siku ya nne."

"Miaka kumi na mitatu, mama." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Mimi nilidhani humpendi Nathanaeli kwa sababu ya duka."

"Na duka pia," alisema Mama Belinda, maana siku ile alikuwa ameshaamua kusema kweli.

Belinda hakucheka. Aliikunja barua ya baba yake kwenye mikunjo yake ya zamani, akaitia kwenye bahasha ya kwenda Shelui, pamoja na ile mpya. "Waione zote mbili," alisema. "Waelewe kwa nini." Mama yake alinyoosha mkono kuizuia, akaurudisha.

Zilipita wiki tatu bila jibu. Mama Belinda alihesabu mabasi. Aliwaza kwamba wameshapata binti mwingine, kwamba Obadia hakuifikisha, kwamba wanaionyesha ile barua ya Enock pale kwenye malori watu wakicheka. Ijumaa ya nne Obadia alibisha hodi, koti lile lile la kaki, na sahani.

Safari hii Nathanaeli hakuja, wala hakutuma maelezo. Obadia alisema wazee wa Shelui wamesoma. Baba wa kijana mwenyewe aliisoma barua ya Mama Belinda kwa sauti, kanisani, baada ya matangazo. Ile nyingine hakuisoma, ila ameirudisha, na anasema ni karatasi ya kutunzwa na watoto wa marehemu, wote wanne. Simoni alikohoa. Belinda, ambaye leo alikuwa amekaa sebuleni na si jikoni, alitazama mikono yake.

Obadia akafunua kitambaa. Bahasha zilikuwa mbili.

"Hii ndiyo barua ya mchungaji ya mwanzo," alisema. "Na hii ni mpya. Kijana amekwenda usharikani akaweka ndugu wote wa ule ukoo wa herufi, mchungaji ametia sahihi upya. Anasema sasa mnene ni mnene wa kweli. Hakuna kilichopigwa mara mbili. Utachukua hii safi, ile mbovu tutaichana."

Mama Belinda aliipokea ile mpya. Aliigeuza nyuma, akaipapasa, akaiinua dirishani. Kweli, neno hajaoa lilikuwa limesimama pana, limekolea, kingo zake kali, zuri kuliko herufi yoyote aliyowahi kuipiga maishani. Akairudisha kwenye sahani.

"Niachieni ile ya kwanza," alisema.

"Lakini ile ina kasoro, mama."

"Ninaijua kasoro yake. Nimeifuata hadi Shelui." Akaichukua ile bahasha kuukuu, akaishikilia kwa mikono miwili. "Hii mpya nikiipokea itabidi nianze upya kuichunguza, na binti yangu ameshangoja vya kutosha."